Ghala ni la kungojea, si la kuficha



Mji wetu wa Kindu ulikua kwa sababu ya kungojea. Reli itokayo Kongolo, kilomita 355, hufikia mwisho wake hapa. Kutoka hapa mto hupitika zaidi ya kilomita 300 hadi Ubundu, ambako maporomoko huufunga na reli nyingine ilijengwa kupokea mizigo hadi Kisangani. Mzigo ulioshuka katika treni ulipaswa kulala mahali ukingojea meli, na ulioshuka katika meli ukingojea treni. Hata leo treni hukawia, na kijana mwenye magunia matano ya mpunga hujiuliza: niyaweke wapi?

Nasema haya kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, kikundi chetu kilichanga fedha, kikanunua mpunga wakati wa mavuno, kikakodi depo ya bei nafuu kuliko zote tulizoziona. Tulitazama bei, hatukutazama paa. Magunia yalilala juu ya udongo, yakigusa ukuta. Ufunguo alikuwa nao mwenzetu mmoja. Tulipofungua baada ya miezi miwili, mpunga wa chini ulikuwa umeota ukungu, na magunia mawili hayakuonekana. Hatukuwa tumeandika lolote, basi kila mmoja alimshuku mwenzake. Mpunga tuliutupa, urafiki nao ulikaribia kutupwa.

Wapo wanaosema: afadhali kuweka nyumbani, ni bure. Siwalaumu. Lakini nyumbani mgeni hufika, mtoto huugua, na gunia la kikundi hufunguliwa kwa huruma. Kwa maoni yangu, vikundi vyetu vikodi depo kwa pamoja, ila kwa akili.

Kwanza, nendeni kuitazama siku ya mvua. Ingieni, fungeni mlango, tazameni juu: penye mwanga hupita maji. Nuseni, harufu ya uvundo haidanganyi. Sakafu iwe ya saruji na iinuke kuliko barabara. Ulizeni jirani wa ukuta anaweka nini, kwa maana mchele hushika harufu ya mafuta ya taa na ya samaki. Kisha andikeni mapatano na mwenye nyumba: kodi ya mwezi, saa za kuingia, na nani atalipa paa likivuja.

Pili, mpunga uanikwe vizuri juu ya turubai kabla ya kufungwa. Punje iliyokauka huvunjika kwa mlio chini ya jino. Iliyo laini irudi juani. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Mlango uwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili tofauti. Liwepo daftari moja, na hesabu ifanywe kila juma mbele ya mashahidi. Hili halimtukani mtu. Humlinda mwaminifu asishukiwe.

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi: wekeni siku ya kutoa mali kabla ya kuiingiza. Kila mwezi kodi hula sehemu ya faida. Tena treni ikikawia, bei sokoni hupanda, na shetani hunong'ona: fungeni mlango, ngojeni njaa iongezeke. Yule tajiri wa Injili ya Luka, sura ya 12, hakulaumiwa kwa kuvuna sana. Mpango wake wote uliishia kwake mwenyewe. Yosefu naye alijaza maghala ya Misri, lakini njaa ilipofika aliyafungua. Kuta zao zilifanana. Tofauti yao ilikuwa mlangoni.

Mama anayenunua kikombe kimoja cha mchele jioni hajui depo yetu iko wapi. Hata hivyo, siku tunayochagua kuifungua au kuifunga huonekana katika sufuria yake.

Ya kujadiliana katika kikundi:

1. Mali yetu ya pamoja imewekwa wapi leo, na nani anaweza kuihesabu?
2. Bei ikipanda maradufu kesho, tumeshapatana tutafanya nini?