Nyapara, Kibarua na Lugha ya Katikati: Kiswahili katika Kampuni za Kichina Nyanza Kusini

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii imo kinywani mwa kila mwanafunzi wa Kiswahili, lakini ni nadra mtu kujiuliza mgeni na mwenyeji wataelewana kwa lugha gani ili huko kupona kupatikane. Katika kaunti za Homa Bay na Migori, swali hilo limekwisha kuacha kuwa la nadharia. Barabara kuu itokayo Isebania, mpakani mwa Tanzania, ikapitia Migori na Rongo hadi Kisii na Ahero, ilijengwa upya na wakandarasi wa Kichina kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika fuo za ziwa, mabondo ya mbuta hukaushwa na kuuzwa kwa mawakala ambao huyafikisha katika masoko ya Hong Kong na Uchina bara. Sokoni nako, ngege wa ziwani hushindana kwa bei na samaki waliogandishwa kutoka Uchina. Mchina, kwa hiyo, ni mwajiri, ni mnunuzi na ni mshindani, yote kwa wakati mmoja.

Makala haya yanadai kuwa mengi yanayoitwa migongano ya utamaduni kati ya mameneja wa Kichina na wafanyakazi wa Nyanza Kusini ni migongano ya lugha iliyovishwa kanzu ya utamaduni. Yanadai vilevile kuwa wenye dawa ya tatizo hili ni watu wa Kiswahili, ambao hadi sasa wameketi kando kana kwamba halijawahusu.

Wataalamu wa menejimenti wana mazoea ya kueleza tofauti za mataifa kwa vipimo. Msomi maarufu zaidi katika uwanja huo ni Geert Hofstede, ambaye kitabu chake cha mwaka 1980 kilijengwa juu ya hojaji walizojaza wafanyakazi wa kampuni ya IBM katika nchi nyingi. Katika vipimo hivyo, Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia ziliunganishwa zikapewa alama za pamoja kwa jina la Afrika Mashariki. Mjaluo wa Karachuonyo, Mkuria wa Kehancha, Mwamhara wa Ethiopia na Mbemba wa Zambia wakawa mtu mmoja. Meneja atakayefika Migori akiwa na jedwali kama hilo mkobani amebeba ramani ya nchi isiyokuwepo.

Tena, mtu akichunguza yaliyo nyuma ya jedwali, hugundua kuwa umbali kati ya pande hizi mbili si mkubwa kama unavyodaiwa. Wachina wana dhana ya mianzi, yaani uso: heshima ya mtu mbele ya wenzake, ambayo ikivunjwa hadharani huwa ni vigumu kuiunga tena. Waandishi wengi huitaja dhana hii kana kwamba ni siri ya Mashariki ya Mbali. Lakini Mswahili ana kuumbuliwa, kutahayari na kusitiriana, na Mjaluo ana neno wichkuot, aibu inayomfanya mtu atamani kujificha. Nyapara anayemfokea fundi wa makamo mbele ya vijana wa rika la wanawe anatenda jambo ambalo lingeonekana kuwa kosa Homa Bay na lingeonekana kuwa kosa hukohuko Uchina. Kinachokosekana ni maneno ya kumwambia kuwa hapa pia uso wa mtu una thamani.

Chukulia pia suala la ruhusa ya mazishi, ambalo huzusha manung'uniko kila penye ajira rasmi katika eneo hili. Kibarua anaomba siku tatu kwa kuwa amefiwa na ndugu. Baada ya miezi miwili amefiwa na ndugu mwingine. Meneja anahisi anadanganywa, kwani fomu ilionyesha kuwa kibarua huyo ana ndugu mmoja tu. Neno ndugu limetafsiriwa kwa Kiingereza, kisha kutoka Kiingereza likaingia Kichina, na katika safari hiyo mtoto wa baba mkubwa ameanguka njiani. Ajabu ni kuwa Kichina ni miongoni mwa lugha zenye msamiati mpana mno wa ukoo. Kina neno la kaka na neno la mdogo wa kiume, na kina maneno maalumu ya watoto wa ndugu wa baba ambayo ndani yake mna maana ya undugu. Mkalimani aliyezijua lugha zote mbili angelimaliza shaka hilo kwa sentensi moja. Wala si kweli kuwa Mchina hajui uzito wa makaburi: Qingming, siku ya kuzuru na kusafisha makaburi ya wazee, ilifanywa sikukuu ya taifa ya mapumziko huko Uchina mwaka 2008. Watu wawili wanaowaheshimu wafu wao wanagombana kwa sababu ya neno moja lililotafsiriwa vibaya.

Hapa ndipo Kiingereza, kinachodhaniwa kuwa daraja, hugeuka kuwa kikwazo. Mfano ulio wazi zaidi ni swali la kukanusha. Mswahili akiulizwa, "Hujamaliza?" hujibu, "Ndiyo, sijamaliza." Anakubaliana na kauli ya muulizaji. Mchina naye hujibu vivyo hivyo katika lugha yake: kweli, sijamaliza. Mwingereza ndiye anayekwenda kinyume, kwani katika lugha yake jibu la kukubali hubatilisha ukanushi. Basi weka watu wawili ambao lugha zao zinakubaliana, uwalazimishe wapitie katika lugha ya tatu ambayo hakuna kati yao anayeimudu. Katika timbo la mawe, kabla ya kulipua baruti, msimamizi anauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza iwapo hakuna mtu kule chini. Anajibiwa kwa neno moja la kukubali. Je, jibu hilo lina maana kuwa hakuna mtu, au kuwa yupo? Wanafunzi wa isimu huliona suala hili kama zoezi la darasani. Kwa aliye chini ya timbo, ni uhai wake.

Saa nazo zina mtego wake. Saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni saa nane ya anayehesabu kuanzia usiku wa manane, na Wajaluo huhesabu kama Waswahili. Anayejifunza Kiswahili kwa orodha ya maneno yaliyotafsiriwa moja kwa moja hujikuta ana namba sahihi na wakati usio sahihi.

Ni kweli kwamba katika maeneo ya ujenzi watu hawakai kimya. Palipo na kazi, lugha huzaliwa. Maneno machache ya Kiswahili, machache ya Kiingereza na ishara za mikono hutosha kumwambia mtu alete kokoto au aharakishe. Lakini lugha ya namna hiyo ina kasoro moja kubwa: inajua kuamrisha, haijui kuuliza. Haina njia ya kusema, "Nadhani ukuta huu utaporomoka." Historia ya Kenya imekwisha kuuona ugonjwa huu. Katika mashamba ya walowezi wa Kiingereza palikuwa na Kisetla, Kiswahili kilichopunguzwa hadi kubaki amri na matusi, ambacho mwenye shamba alikitumia kwa miaka mingi bila kujua kuwa hajawahi kuzungumza na wafanyakazi wake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini anayepewa lugha isiyo na maswali hubakizwa mjinga kwa nguvu.

Kuna anayeweza kusema kuwa haya ni matakwa ya wapenzi wa lugha tu. La hasha. Ni sheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inaagiza kuwa mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ambayo mkataba wake umeandikwa, aelezwe mkataba huo katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu, pia katika lugha anayoielewa, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Baada ya hapo, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo kibarua anayefukuzwa kwa barua ya Kiingereza na ishara ya mkono kuelekea langoni amenyimwa haki, hata kama kosa alilitenda. Vifungu hivi havibagui Mchina, Mhindi, Mzungu wala Mkenya. Vinamtaka kila mwajiri awe na mtu wa kueleza. Mtu huyo ni nani, na amesomea wapi?

Wachina wenyewe hawakianzi Kiswahili leo. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Peking ilianza matangazo mwaka 1961, na vyuo vya Beijing vilianza kufundisha Kiswahili katika miaka hiyohiyo. Reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, iliwaleta maelfu ya mafundi wa Kichina pamoja na wakalimani wao wa Kiswahili. Aliyejiandaa kwa lugha ya mwenzake katika mkutano huo alikuwa mgeni. Upande wa wenyeji, Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, ikiwa ya kwanza barani Afrika, ili kufundisha Kichina. Lakini idara za Kiswahili na wanaofundisha Kichina wanaishi kama majirani wasioombana chumvi. Mwanafunzi hujifunza Kichina kwa kupitia Kiingereza, na wa Kiswahili hufuzu bila kukutana na Kichina kabisa.

Hasara hiyo inaonekana hata ufuoni. Bondo kavu la mbuta huwa na bei kubwa kuliko nyama yake kwa uzani uleule, kwa kuwa Wachina huliona kuwa chakula cha heshima na zawadi ya thamani. Mvuvi asiyejua jambo hilo hupanga bei kwa kumtazama wakala usoni. Samaki wa Uchina walipotajwa na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2018 kuwa wazuiwe kuingia nchini, ubalozi wa Uchina ulilalamika na zuio halikudumu. Mjadala huo uliwahusu moja kwa moja wavuvi wa Homa Bay, lakini ulizungumzwa zaidi juu ya vichwa vyao. Ujuzi wa soko ni ujuzi wa anayenunua, na anayenunua hajulikani ila kwa lugha.

Wapo watakaopinga kuwa Homa Bay si Lamu. Lugha ya mama huko ni Dholuo, huku Migori kukiwa na Kikuria pia, na Kiswahili nacho ni lugha ya kujifunza. Hoja hii ni ya kweli, na hiyo ndiyo nguvu ya Kiswahili. Katika Kiswahili, kibarua wa Ndhiwa na msimamizi wa Shandong wote ni wanafunzi. Hakuna aliye nyumbani kabisa, na kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Bila shaka yupo mzee ambaye atahitaji maelezo kwa Dholuo, naye apewe; sheria imesema lugha anayoielewa, haikusema lugha inayopendwa na mwajiri wala na msomi. Wengine watasema kuwa siku hizi simu ya mkononi hutafsiri. Simu itamsaidia mtu kununua sukari. Lakini haitaketi katika kikao cha nidhamu ikajua kuwa ndugu ni mtoto wa baba mkubwa, wala haitawajibika ikikosea.

Basi lawama isiishie kwa Mchina. Idara za Kiswahili, zikiwamo zile za vyuo vya karibu kama Rongo, Maseno na Tom Mboya, zianzishe mafunzo ya ukalimani wa Kiswahili na Kichina, zikishirikiana na wanaofundisha Kichina nchini. Serikali za kaunti zinapotoa zabuni ziweke sharti la mikataba ya kazi na maagizo ya usalama kupatikana kwa Kiswahili. Watafiti wa uzamili waende katika maeneo ya ujenzi wakausajili msamiati wa lami, baruti na mizani kabla haujapotea. Wasiende kusahihisha ngeli, waende kusikiliza. Na wakalimani watakaofunzwa wafunzwe pia maadili, kwa maana mkalimani anayempendelea anayemlipa ni hatari kuliko kukosekana kwa mkalimani.

Mgeni amekwisha kuja, na barabara imekwisha kujengwa. Iwapo mwenyeji atapona au la, itategemea kama atakuwepo wa kusimama kati ya nyapara na kibarua akauliza kwa lugha wanayoielewa wote wawili: "Hakuna mtu kule chini?" na akajua jibu lina maana gani.