Mkanda wa Lori Haungojwi Ukatike

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita wa kamati, baadhi ya wenzetu waliuliza kwa nini tumetumia fedha za chama kununua mikanda ya injini ya lori, na hali ile ya zamani bado haijakatika. Swali hilo ni la haki. Fedha ni amana yenu, na aliyekabidhiwa amana hana budi kuulizwa. Jawabu letu ni kwamba mkanda wa lori haungojwi ukatike, na sababu zake ni hizi.

Mikanda hii, ambayo mafundi huiita fenibelti, ni mpira na nyuzi tu, lakini kazi yake si ndogo. Ndiyo izungushayo pampu ya maji na feni ili injini isipate moto kupita kiasi. Ndiyo izungushayo altaneta ili betri ipate umeme. Na katika malori mengi ya zamani ya dizeli yatokayo Japani, kama hili letu, pampu inayoipa breki nguvu imefungwa nyuma ya altaneta hiyo hiyo. Basi mkanda ukikatika, maji huchemka, taa hufifia, na breki huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Kila ajuaye vilima vya Pemba ataelewa hatari ya jambo hilo kwa lori lililojaa magunia.

Msimu uliopita tuliyaona wenyewe. Mkanda ulikatika jioni, na lori limebeba karafuu mbichi za wanachama. Dereva alilisimamisha salama, alhamdulillahi, lakini karafuu zililala ndani ya magunia mpaka mchana wa pili, na mvua ikinyesha. Karafuu mbichi zikirundikana hupata joto zikachacha, na zikianikwa hutoka nyeupe zimesinyaa. Karafuu za namna hiyo hazipati daraja la kwanza kituoni ZSTC. Hasara ile ilipita bei ya mikanda mara nyingi. Wala dereva halaumiwi. Alikwisha kutuambia kwamba mkanda unalia kila asubuhi, nasi wa afisini ndio tuliomwambia angoje.

Kwa hiyo safari hii tulivuka kwenda Dar es Salaam. Tulitoka bandarini, tukapita Mnazi Mmoja, tukafika Kariakoo na Gerezani kwenye maduka ya vipuri. Duka la kwanza lilituonyesha mkanda wa nusu bei, wenye jina kubwa juu ya karatasi yake, lakini maandishi ya kwenye mpira yalifutika kwa kidole. Tuliurudisha, kwani rahisi huvunja upishi. Duka la pili lilisoma namba za mikanda yetu ya zamani, ambayo tulikuwa nayo mkononi, likatupa sawasawa. Mwenye kwenda Kariakoo asiseme tu, "Nipe mkanda wa lori." Achukue ule wa zamani, na ategemee namba kuliko macho, kwa sababu mkanda uliotumika huwa umerefuka.

Lori letu lina mikanda miwili inayokwenda sambamba. Tulinunua yote miwili pamoja, na jozi moja ya akiba. Ukibadili mmoja tu, ule mpya hukaza zaidi, ukabeba mzigo wote peke yake, na haukawii kuharibika.

Ama kuifunga, yataka subira. Injini izimwe na ipoe, na waya wa betri utolewe. Bolti za altaneta zilegezwe, altaneta isogezwe ndani, na mkanda uvishwe kwa mkono. Usisukumwe kwa bisibisi, maana nyuzi za ndani hukatika pasipo kuonekana. Kisha ukazwe mpaka ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu ubonyee kama sentimeta 1 hadi 1.5, au kama kitabu cha gari kisemavyo. Ukilegea huteleza ukaungua. Ukikazwa mno huua beringi za pampu na altaneta. Kuupaka sabuni au grisi ili usilie si dawa. Baada ya siku ya kwanza ya kazi upimwe tena, kwani mkanda mpya hulegea kidogo.

Basi tunauomba mkutano mkuu ukubali mambo matatu. Kwanza, mikanda ikaguliwe kila wiki, na kabla ya msimu ibadilishwe ikiwa ina nyufa, inang'aa pembeni, imelowa mafuta, au imezama mpaka kugusa chini ya mfereji wa puli. Pili, jozi ya akiba na spana zake zikae ndani ya lori, si kabatini afisini. Tatu, neno la dereva juu ya gari liandikwe daftarini, na lijibiwe siku ile ile.

Wenzetu walituambia kwamba kutupa kitu kisichokatika ni israfu. Sisi twaona israfu ni kutupa karafuu ambayo mtu ameipandia mti, ameichuma na kuichambua kwa mikono yake. Nayo mikanda ile ya zamani hatukuitupa. Yeyote atakaye kuiona aje afisini, aikunje, ahesabu nyufa zake.

Wabillahi taufiq.

Katibu