Msinitumie ile video, niulizeni kesi iliishaje

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki,

Zamu za usiku zilinibana, ndiyo maana mkaniona kimya. Sasa nimepata siku mbili za kupumzika, nikasema lile jambo ninaloulizwa kila mara leo nilijibu kwa wote, nisirudierudie kwa mmoja mmoja.

Jambo lenyewe ni hizi habari za polisi wa Marekani kupiga watu risasi. Kila ikitokea, simu yangu inajaa. Shangazi anatuma video, binamu anatuma ileile, rafiki niliyesoma naye uuguzi anatuma ileile tena na maneno, "Mwenzetu, bado upo hai?" Mama mdogo yeye hatumi video, anatuma sauti: rudi nyumbani mwanangu, huko watawamaliza. Nawashukuru kwa kunijali, kwa kweli. Ila nina maoni yangu kuhusu hizo video na jinsi vyombo vya habari vinavyotangaza vifo hivi, na mengine huenda yasiwapendeze.

Nichukue mfano mmoja unaotuhusu sisi wasema Kiswahili.

Patrick Lyoya alikuwa kijana wa miaka 26, mkimbizi kutoka Kongo. Familia yake ilikimbia vita ikafika Marekani mwaka 2014. Mji wa Grand Rapids, hapa hapa Michigan, una Wakongo wengi, na ukiingia kwenye makanisa yao utasikia Kiswahili kama uko Ujiji. Sisi tuliokulia Kigoma hao ni majirani zetu. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, na wengi waliopita pale leo wako huku.

Tarehe 4 Aprili 2022 asubuhi, askari aitwaye Christopher Schurr alilisimamisha gari la Patrick kwa sababu namba za gari hazikulingana na gari lenyewe. Patrick akashuka. Askari akamuuliza kama anajua Kiingereza, akasema ndiyo. Kisha Patrick akajaribu kuondoka, askari akamkamata, wakaanza kukimbizana na kushikana. Wakagombea ile bunduki ya umeme inayoitwa Taser. Mwisho Patrick alikuwa chini kifudifudi, askari yuko juu ya mgongo wake, akatoa bastola akampiga risasi moja kisogoni. Yote hayo yalianza na namba za gari.

Polisi walitoa video tarehe 13 Aprili, siku 9 baadaye. Zilikuwa nne: ya kamera ya gari la polisi, ya kamera ya kifuani kwa askari, ya kamera ya nyumba ya jirani, na ya simu ya abiria aliyekuwa na Patrick. Ile ya kifuani ilizimika wakati wa purukushani, kabla ya risasi. Kwa hiyo bila ile simu ya abiria, dakika ile ya mwisho tungeisikia zaidi kwa mdomo wa aliyefyatua.

Wazazi walipozungumza na waandishi wa habari, mkalimani akawa anatafsiri Kiswahili kwenda Kiingereza. Jamani, Wamarekani walisubiri tafsiri ndipo waelewe. Sisi hatukusubiri.

Sasa nije kwenye hoja. Kuna wanaosema video hizi zisionyeshwe kabisa, zinachochea watu na kumdhalilisha marehemu. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2014 huko Chicago, kijana wa miaka 17, Laquan McDonald, alipigwa risasi 16 na askari mmoja. Habari iliyotoka usiku ule upande wa polisi ilikuwa kwamba aliwafuata askari na kisu. Video ilikaa kabatini miezi 13, mpaka mwandishi mmoja wa habari, Brandon Smith, akaenda mahakamani na jaji akaamuru itolewe, Novemba 2015. Watu wakaona kijana anatembea kando, anawaondokea askari. Askari yule alishtakiwa siku ileile video ilipotoka, na mwaka 2018 akatiwa hatiani. Jiulizeni, isingetoka?

Na George Floyd wa Minneapolis, ingawa yeye hakupigwa risasi, mnakumbuka Mei 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki kwa tatizo la kiafya wakati wa kukamatwa. Goti halikutajwa. Ni binti wa miaka 17 aliyekuwa anapita na simu yake ndiye aliyeuonyesha ulimwengu lile goti.

Kwa hiyo video itoke, itoke mapema, na itoke nzima. Hilo nasimama nalo.

Lakini video kutoka ni jambo moja, na jinsi habari inavyoandikwa ni jambo jingine. Sisi wauguzi hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba kisichoandikwa kwenye faili la mgonjwa hakikufanyika. Unaandika nani amempa mgonjwa dawa, dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Huwezi kuandika "mgonjwa alikutana na dawa." Wakubwa watakurudishia faili usoni! Sasa someni habari nyingi za huku siku ya kwanza: kumetokea tukio la risasi lililohusisha askari. Lililohusisha! Askari alipigwa au alipiga? Risasi ilitoka wapi, mbinguni? Hata shirika la habari la AP, katika mwongozo wake kwa waandishi, linashauri maneno hayo yaepukwe kwa sababu hayaelezi kitu. Na sisi tusijifanye wasafi, maana magazeti ya nyumbani yana "majibizano ya risasi" yake, na "walifariki wakipelekwa hospitali." Unasoma mpaka mwisho hujui nani alimpiga nani.

Halafu linakuja suala la majina. Jina la Patrick lilijulikana mapema, na makosa yake ya zamani yakachimbuliwa. Jina la askari lilitajwa rasmi tarehe 25 Aprili, wiki tatu baada ya kifo. Polisi walikuwa na sababu yao: hajashtakiwa, na usalama wake uko hatarini. Naielewa sababu hiyo, vitisho vipo kweli. Ila haki ya kutochafuliwa kabla ya kesi na marehemu naye anayo, tena yeye hawezi kuitisha mkutano na waandishi.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha Patrick alikuwa na pombe nyingi mwilini, zaidi ya mara tatu ya kiwango ambacho sheria inamruhusu dereva. Ilitangazwa, na ni sawa itangazwe kwa sababu ni kweli. Nimepokea walevi wengi zamu ya usiku, wengine wanatutukana, wengine wanarusha ngumi. Mtu mwenye pombe kiasi kile anachelewa kuelewa amri, na anaweza kugombana na yeyote. Kwa hiyo inaeleza kwa nini mambo yalikwenda vile. Ila siku ile watu waliipokea kana kwamba ndiyo hukumu: aa, kumbe alikuwa amelewa, basi. Basi nini? Ulevi adhabu yake ni kifo?

Upande wa pili nao usikilizwe. Mwenzangu mmoja kazini mume wake ni polisi. Ananiambia vyombo vya habari vinamwonyesha askari mmoja aliyekosea, havionyeshi maelfu wanaorudi nyumbani bila kugusa bastola. Anasema pia kwamba hii ni nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu, na kila gari analosimamisha mumewe hajui ndani kuna nini. Kwa kweli sina la kumbishia hapo.

Ndiyo maana nasema hesabu ni muhimu kuliko video. Baada ya kifo cha Michael Brown kule Ferguson, Agosti 2014, watu waligundua kwamba serikali hii kubwa haikuwa na hesabu kamili ya watu wanaouawa na polisi. Gazeti la Washington Post likaanza kuhesabu lenyewe mwaka 2015, kifo kwa kifo, na likaendelea mpaka mwisho wa 2024. Likakuta ni kama watu 1,000 wanapigwa risasi na kufa kila mwaka, zaidi ya mara mbili ya hesabu za FBI. Wengi wao walikuwa na silaha. Wazungu ni wengi pia kati yao. Ila ukilinganisha na idadi yao katika nchi, watu weusi wanauawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wazungu.

Mama mdogo, ndiyo jibu langu kwako. Hawatatumaliza, usikonde. Lakini si uongo kwamba tunaogopa zaidi, na tuna sababu.

Sasa niwageukie ninyi wenyewe. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba polisi wakimuua mtu mweusi asiye na silaha, watu weusi wa jimbo lile hupata siku nyingi zaidi za afya mbaya ya akili kwa miezi kama mitatu, hata wasiomjua marehemu. Wazungu wa jimbo hilohilo haikuwagusa hivyo. Mnaponitumia video ile mara tano kwa siku, mimi niko Michigan, ni mweusi, naendesha gari saa tano usiku kwenda kazini. Mnafikiri nikiona taa za polisi kwenye kioo nawaza nini?

Na hospitalini mgonjwa akikata roho, jambo la kwanza tunavuta pazia. Tunamfunga macho, tunamfunika, ndipo tunawaita ndugu. Hakuna anayepita kuchungulia. Patrick alivutiwa pazia lini? Dakika yake ya mwisho iko kwenye simu za watu Kigoma, Dar, Bukavu na Nairobi, tena imekatwa imebaki sekunde ishirini, na wengine wameibandika muziki. Ile si habari tena. Habari ni ile video nzima, pamoja na kilichoitangulia na kilichofuata.

Na kilichofuata ni hiki, maana katika wote walionitumia hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Juni 2022 Schurr alishtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili, na akafukuzwa kazi. Kesi ikachukua karibu miaka mitatu kufika mbele ya juri, yaani wale wananchi 12 wanaoamua. Upande wa utetezi ukasema Patrick alikuwa ameishika Taser na askari alihofia maisha yake. Upande wa mashtaka ukasema risasi ile haikuwa ya lazima. Tarehe 8 Mei 2025 wananchi wale walishindwa kukubaliana, jaji akalivunja shauri. Tarehe 22 Mei mwendesha mashtaka akatangaza hatalirudia. Imeishia hapo. Hakukutwa na hatia, wala hakuachiwa na juri.

Siku ya mazishi, Aprili 2022, kamera zilijaa. Mchungaji Al Sharpton alikuja kuhubiri, dunia nzima ikatazama. Siku shauri lilipovunjika simu yangu ilikuwa kimya. Wazazi walibaki na Kiswahili chao na mkalimani wao, na safari hii waliowasikiliza walikuwa wachache. Kosa kubwa la vyombo vya habari kwa maoni yangu ndilo hilo, kwamba vinakuja kwenye damu na kuondoka kabla ya hukumu. Na sisi tunavifuata vivyo hivyo.

Mtasema, dada unatufundisha ya Marekani, ya kwetu je? Ya kwetu mnayajua kuliko mimi. Oktoba 2025 mtandao ulipozimwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, sisi wa nje tuliona picha ambazo ninyi mliokuwa palepale hamkuweza kuziona, na polisi wakaonya watu wasizisambaze. Ndiyo maana siwezi kumuunga mkono mtu anayesema picha zizuiwe. Anayezuia picha mara nyingi ndiye mwenye la kujibu. Lakini picha zile nazo zina mama zao na baba zao, na haitoshi kuzirusha siku tatu halafu tukarudi kwenye mpira.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Ikitokea tena, na itatokea, msinitumie sekunde ishirini za mtu kufa. Nitumieni maswali. Nani alifyatua? Nani ametoa habari hii, polisi au shahidi? Video nzima iko wapi? Ameshtakiwa? Kesi iko lini? Nitawatafutia majibu, na ikichukua miaka mitatu, nitawakumbusha mwaka wa tatu.

Shangazi usinune, nakupenda. Binamu, na wewe futa ile video kwenye simu yako kabla watoto hawajaiona. Wengine semeni mnavyoona, tubishane kwa amani kama kawaida yetu.

Ni hayo tu kwa leo. Nawahi kulala, kesho nina zamu.

Wenu, dada wa Michigan