Mitishamba isiyo na shamba

Neno hili "mitishamba" linanisumbua. Sisi watu wa pwani tukisema "shamba" aghalabu hukusudia nje ya mji, si lazima mahali palipolimwa. Kwa hiyo jina halikukosewa. Lakini mtu akipita Gikomba, Kariokor au Majengo akaona magome, mizizi na unga uliotiwa chupani, hapana budi ajiulize: shamba lenyewe liko wapi? Dawa hizi nyingi hazikupandwa na mtu. Zimetoka mwituni, na mwitu hauna anayeupalilia.

Sisemi haya kwa kuwadharau wauzaji. Mimi mwenyewe ni mteja wao. Nimelelewa kwa muarubaini, na uchungu wake ungali ulimini mwangu. Na chuoni mwalimu alitufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa yake. Tena hapa Eastlands, ambako mshahara wa kibarua humalizwa na kodi ya nyumba kabla haujafika kwa daktari, dawa ya miti si pambo la utamaduni. Ni tegemeo la watu.

Basi natutazame dawa hiyo inavyopatikana. Muarubaini huchumwa majani, mti ukabaki umesimama. Muthiga na muiri hubanduliwa gome, na gome ndiyo njia ya mti kuteremsha chakula kutoka majanini hadi mizizini. Ukibandua upande mmoja, huenda ukapona. Ukiuzungushia panga kiunoni, umekwisha uua, hata ukisimama na majani yake miezi kadhaa. Mukombero ndio wenye msiba zaidi. Ule mzizi unaotafunwa na vijana wa Dandora na Kayole, kwa sababu wazijuazo wenyewe, hung'olewa ardhini, na katika msitu wa Kakamega umepungua sana kwa kuchimbwa.

Muiri una kisa kirefu. Gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume, maradhi ambayo sisi wa miaka hamsini na ushei huyataja kwa kunong'ona. Ulaya ililinunua kwa matani kutoka Kameruni, Madagaska na Kenya, hata mwaka 1995 mti huo ukatiwa katika orodha ya mkataba wa CITES, usiuzwe ng'ambo bila kibali. Msandali nao, ung'olewao mzima kwa ajili ya mafuta ya manukato, ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingia orodha hiyo hiyo. Hata baada ya hapo, shehena zake zimekuwa zikikamatwa njiani.

Marufuku peke yake haitoshi, kwa sababu mnunuzi wa mtaani haulizi ila bei. Wamijikenda walikuwa na njia nyingine. Misitu ya kaya zao, iliyotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, ililindwa kwa miiko, na wazee walijua nani ameingia na ametoka na nini. Gikomba haina mzee wa kaya. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ni yetu sisi wanunuzi: tuulize dawa imetoka wapi, na kama ni jani au ni mzizi. Majani ya muthiga nayo ni makali, na zamani Wahindi wa Kenya waliyatia katika mchuzi pilipili zilipoadimika. Lakini mteja akiletewa jani hukunja uso, akadai gome.

Ataniambia mtu kwamba mpangaji hapandi mti, na muiri huchukua zaidi ya miaka 10 kabla gome lake halijafaa kuvunwa. Ni kweli. Lakini misikiti, makanisa na shule za Pumwani, Makadara na Buruburu si wapangaji, na zina nyua. Muthiga humea vizuri Nairobi, upo Karura. Wakipanda mwaka huu, watoto wanaosoma darasa la kwanza watakapoota ndevu, gome litakuwa tayari.