Jina Lako Katika Deni la Rafiki

Tumeulizwa na mwenye nyumba mmoja wa Busunzu: rafiki yake, mtu wa kula naye chungu kimoja, amekopa fedha, na katika karatasi ya udhamini limeonekana jina lake na sahihi ambayo yeye hakuiandika. Sasa mkopeshaji anadai. Afanyeje?

Kwanza na tutenge mambo mawili, maana watu huyachanganya. Ukimkopea rafiki kwa jina lako, ukatia sahihi kwa mkono wako, naye asilipe, deni ni lako mbele ya mkopeshaji. Rafiki waweza kumshitaki kwa madai, lakini kusema "simo" huwezi. Bali ikiwa sahihi si yako, wala hukumpa mtu ruhusa kuiandika, hati hiyo haikufungi, hata ikiwa na mhuri wa ofisi.

Kughushi ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungo chake kwa kawaida chaweza kufika miaka 7, na kwa hati kama wosia huzidi hapo.

Hapa ndipo wengi wa kwetu hujiponza. Kwa haya mtu huanza kulipa kidogo kidogo, rafiki asiaibike. Mkopeshaji akizipokea shilingi zako atasema umeikubali hati, na kuikana baadaye ni kazi ngumu. Basi usilipe. Nenda mapema, uombe nakala ya hati, uikane kwa barua yenye tarehe, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Kisha peleka habari polisi. Chukua na karatasi zako za zamani zenye sahihi yako ya kweli, maana mahakama yaweza kuzilinganisha. Mkopeshaji akiwa ni benki naye asikusikilize, malalamiko hupelekwa Benki Kuu. Asiye na fedha za wakili amtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 yawatambua.

Je, wazee wakitaka kupatanisha? Na wapatanishe, kusamehe ni juu yako. Lakini kupokea fedha ili ufiche kosa kubwa la jinai ni kosa pia, nawe utaingia hatiani kwa sababu ya mwenzako. Tena msamaha wa nyumbani haufuti jina lako katika daftari la mkopeshaji. Rafiki akitubu kweli, aandike kwamba sahihi ile aliitia yeye, mbele ya mashahidi, na karatasi hiyo ifike kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya malipo yajayo.