Saa Saba Ipi?

Mguu Njiani imerudi baada ya likizo, na mara hii mwenye mguu ni mimi mwenyewe.

Desemba nilikwenda nyumbani Tanga. Haikuwa safari niliyoipanga. Novemba mama alinipigia simu akaniambia babu ameanguka, alilazwa, ametoka, ila "hali yake si ile uliyoiacha." Mliozoea kuishi mbali na kwenu mnayajua maneno hayo na uzito wake. Usiku ule nilitafuta tiketi mpaka macho yakauma, na iliyoingia katika uwezo wangu ilikuwa moja tu: New York hadi Cairo, Cairo hadi Dar es Salaam, na katikati yake saa 13 na nusu za kungoja. Ningetua saa tatu asubuhi na kuondoka saa nne na nusu usiku.

Mwenzangu ninayekaa naye aliniambia kuwa Cairo wapo wanaowatembeza abiria wanaosubiri ndege ya pili. Unalipa dola 75, unapata gari, mwongoza watalii, chakula cha mchana, mapiramidi na jumba jipya la makumbusho, kisha unarudishwa uwanjani. Nilisita. Babu hajiwezi, mimi nikapige picha na ngamia? Nikampigia mama kumwomba ushauri, lakini simu aliipokea mwenyewe babu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Nasikia utapita Misri."

"Nitapita tu, babu. Nitakaa uwanjani, usiku niondoke."

"Ukae uwanjani umekuwa mzigo? Nenda ukanionee."

Hapo yafaa niwaambie kwa nini alisema hivyo. Mwaka 1954 Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili. Gamal Abdel Nasser na wenzake walitaka sauti yao ifike kwa watu waliokuwa bado chini ya wakoloni, na Waingereza hawakuipenda hata kidogo. Babu alikuwa mtoto wa kutumwa vikombe vya kahawa kwenye baraza moja lililokuwa na redio. Wazee walisikiliza, yeye alizungusha buli na masikio yake. Baadaye akawa fundi wa mashua, akazeeka, hakuwahi kuvuka mpaka wowote, lakini mpaka leo husema ameijua Cairo kabla hajaijua Dar es Salaam.

Basi nikaenda kumwonea.

Tulikuwa abiria sita. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kimisri aliyesomea mambo ya kale, mwenye Kiingereza safi na subira ya mwalimu wa chekechea. Dereva alikuwa mzee mwenye mvi, haongei ila Kiarabu. Kutoka uwanjani hadi Giza ulikuwa mwendo wa zaidi ya saa nzima, maana magari ya Cairo hayaendi, husukumana. Kisha, nyuma ya maghorofa ya matofali mekundu, likatokeza pembe la kwanza.

Sitajaribu kuieleza piramidi ya Khufu kwa macho yangu, nitawaachia hesabu. Ilijengwa miaka 4,500 hivi iliyopita. Kimo chake kilikuwa kama meta 146, leo imebaki kama meta 138 kwa sababu mawe laini ya juu yalibanduliwa na mengi yakaenda kujengea Cairo. Inakadiriwa kuwa na mawe milioni 2.3. Kwa muda wa karibu miaka 3,800 binadamu hakujenga kitu kirefu kuliko hicho. Kuikwea ni marufuku, kuingia ndani ni tiketi nyingine, na ndani mna njia nyembamba ya kupanda umeinama, hewa nzito, na mwisho wake ni chumba kitupu chenye sanduku la jiwe. Wawili wetu waliingia. Walitoka wakiwa na jasho na furaha.

Mama mmoja katika kundi letu aliuliza swali ambalo nadhani huulizwa kila siku: ni watumwa waliojenga? Mwongozaji akatuonyesha upande wa kusini, ambako kuanzia mwaka 1990 wachimbaji walifukua makaburi ya wajenzi wenyewe. Walizikwa karibu na mfalme wao, pamoja na mikate na bia ya safari ya huko waendako. Mtumwa hazikwi hivyo. Akatueleza pia habari ya Merer, msimamizi wa kikosi cha mabaharia, ambaye mafunjo yake yaliyoandikwa kwa mkono yaligunduliwa mwaka 2013 penye bandari ya kale ya Bahari ya Shamu. Merer aliandika kazi zake siku kwa siku: leo tumepakia mawe Tura, kesho tunateremka nayo kwenda Giza. Nikasema moyoni, huyu babu angemwelewa. Mtu wa chombo, anahesabu siku na shehena.

Ilipokaribia saa saba mchana, wenzangu wakiwa wamepanga foleni ya kumtazama yule Sphinx, simba mwenye uso wa mtu aliyechongwa katika mwamba mmoja, mwongozaji alipigiwa simu na ofisi yao. Akajibu kwa Kiarabu, haraka haraka, na katikati ya maneno yote nisiyoyaelewa nikasikia neno moja wazi kabisa: saa saba. Kisha "matar", ambalo alikwisha kutufundisha kuwa ni uwanja wa ndege.

Nikatazama simu yangu. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

Ndugu zangu, mtu mwenye mgonjwa nyumbani masikio yake si mazima. Nilichoelewa ni kwamba ndege imerudishwa nyuma, kwamba tunatakiwa uwanjani saa saba, kwamba nitaachwa, na kwamba nitakuwa nimeachwa kwa sababu nilikuwa natazama simba wa mawe. Sikumuuliza mtu. Niliteremka ule mlima wa mchanga mbio, nikawapita wenye ngamia, nikawapita wenye farasi, nikaingia garini nikafunga mlango na mkanda.

Dereva alikuwa ndani anakunywa chai. Akanitazama, akatazama mkanda, akatazama nyuma kuona kama wenzangu wanakuja. Hakuna aliyekuja. Akamimina chai katika kikombe cha pili, akaninyooshea.

"Sukkar?" akauliza.

"Sukari, naam," nikajibu, na wote wawili tukashtuka kidogo.

Kuanzia hapo tukawa na mchezo. Yeye anaonyesha kitu, mimi nakitaja. Sanduku, naye "sanduq". Kalamu, naye "'alam". Sabuni, samaki, karatasi. Lakini mimi bado nilikuwa na hofu yangu, nikamwonyesha saa ya mkononi mwake nikamwambia, saa saba, saa saba, twende! Akatikisa kichwa, akaweka kidole juu ya tarakimu ya 7. "Sab'a," akasema. Kisha akaweka viganja viwili chini ya shavu kama mtu anayelala, akaonyesha jua na kulishusha kwa mkono mpaka chini ya dirisha. Saba ya jioni. Yaani saa moja usiku.

Nilibaki na kikombe mkononi nikijiona mjinga. Nimeishi Marekani miaka mitatu, nafika darasani kwa saa za Kizungu kila siku na sijawahi kukosea, kwa sababu "seven" haigusi kitu chochote moyoni mwangu. Lakini neno saa ni letu sote, mimi na wao, na saba ni letu sote. Tulilichukua neno kwao tukaliwekea hesabu yetu, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa hiyo lugha ilinifanya nijione niko nyumbani, na kwa kujiona niko nyumbani nikapotea saa sita nzima. Nawaachia walimu waamue kama hilo ni somo la isimu au la adabu. Mimi nililichukua kama la adabu: uliza kwanza, kisha kimbia.

Mwongozaji alikuja kunitafuta uso umemparama. Nilimwomba radhi, nikarudishwa, nikamwona Sphinx wangu. Baada ya chakula tukaingia jumba jipya la makumbusho, ambalo lilifunguliwa rasmi Novemba 2025, si mbali na mapiramidi. Huko ndiko nilikokutana na kitu nilichotumwa, ingawa aliyenituma hakukitaja.

Ni jahazi la Khufu. Lilizikwa kando ya piramidi yake, likiwa vipande 1,224, likagunduliwa mwaka 1954, mwaka ule ule ambao redio ya babu ilianza kusema. Urefu wake ni kama meta 43. Fundi Ahmed Youssef alitumia zaidi ya miaka kumi kuliunganisha, na ili ajue namna, alikwenda kukaa na waunda mashua wa mto Nile akawatazama wanavyofanya kazi. Mbao ni za mwerezi wa Lebanoni. Na mbao hizo hazikupigiliwa misumari. Zimeshonwa kwa kamba.

Nilisimama pale mpaka mwongozaji akaniita mara mbili. Mtu aliyezaliwa pwani ya kwetu, akiambiwa chombo kilichoshonwa, hafikirii Firauni. Anafikiria mtepe.

Kabla sijafika Tanga, niwape ya kushika wale watakaopita njia hii. Jambo la viza ulimalize kabla ya kununua tiketi, maana masharti hutegemea pasi unayobeba. Waulize ubalozi, usiniulize mimi. Hakikisha begi kubwa limeandikiwa kituo cha mwisho, wewe ubaki na mfuko wa mgongoni. Bei na vilivyomo ndani ya bei viandikwe, si kusemwa tu. Saa ukiwa nazo chini ya nane, kaa uwanjani usome kitabu. Rudi saa tatu kabla ya ndege. Na ukitaka kupanda ngamia, patana bei ya kupanda na ya kushuka pia.

Tanga nilifika kesho yake alasiri. Babu alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha kamba ukumbini, mwembamba kuliko sauti yake ya kwenye simu. Nikaamkia, nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Umemzuru Firauni?"

"Nimemzuru, babu."

"Hajambo?"

Nikamwonyesha picha. Mapiramidi aliyapitisha kama mtu anayepitisha picha za harusi ya watu asiowajua. Ya jahazi alinirudisha. Akaisogeza simu karibu na jicho lake zima.

"Kamba zimetokeza nje?"

Hilo nililijua, kwa sababu nami nililiuliza. Nikamwambia hapana, matundu yamechongwa upande wa ndani wa ubao, kamba inapita humo, kwa nje huoni kitu. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akanieleza alivyosimuliwa na baba yake: kwenye mtepe tundu hutoboka mpaka nje, zikishonwa kamba za makumbi huzibwa kwa vigingi, na ile ya nje hukatwa isije ikasagika ufukweni. Yeye hakuwahi kuushona. Mitepe ilikwisha kabla yake. Alizungumza nusu saa. Mama alisema hajazungumza kiasi hicho tangu aanguke. Nikamhadithia na kisa cha saa saba, akacheka mpaka akakohoa, mama akanikazia macho.

Alipotulia akauliza, "Na Tongoni ulishafika?"

Sikuwa nimefika. Tongoni iko kilomita 17 hivi kusini ya mji wa Tanga, na nimepita pale kwa basi tangu utotoni bila kuteremka. Niliteremka wiki ile, mimi na binamu yangu. Pana magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo, nguzo nyingi zimekwisha kuanguka. Hakuna foleni wala ngamia. Waliolala pale walikuwa watu wa vyombo na biashara karne nyingi kabla yetu, na mimi nililipa dola 75 kwenda kutazama wafu wa mbali nikiwa sijawaamkia wa karibu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Siku ya kuondoka babu alinishika mkono akaushikilia.

"Utarudi lini, mke wangu?"

"Mwezi wa saba, babu, Mungu akipenda."

Akanitazama, na nikaona kicheko kinapanda polepole.

"Saba ipi? Mwezi wa saba, au mfungo saba?"

"Iliyo karibu, babu," nikamwambia. "Iliyo karibu."