Funguo Ambazo Sikuuliza

Nilimwambia Kogo ameibiwa shilingi 640. Kesho yake asubuhi akashuka hadi kituo cha kununulia majani chai, huku kwetu Konoin, akamwita karani mwizi mbele ya foleni nzima.

Karani hakuwa mwizi. Mimi ndiye nilikuwa mvivu.

Hesabu yenyewe: kilo 310 kwa shilingi 22, hiyo ni 6,820. Toa mbolea 1,200, usafiri 310, mkopo 1,500. Inabaki 3,810. Kogo alipata 3,170. Skripti yangu ya JavaScript ilikuwa inasoma malipo yake kama objekti, yaani majina na thamani zake, lakini kwa makato iliuliza majina matatu tu, yale niliyoyajua. Ufunguo wa nne ulikuwa palepale, unaitwa ded_07. Sikuuliza, nao haukujibu. Objekti haipigi kelele ukiruka kilichomo.

Nikiwasimulia madevelopa wa Nairobi, wananicheka. Ati kama hujui funguo za data yako, hiyo data ni takataka. Andika skima kwanza. Sawa, kama data ni yako. Mkulima wa chai anapewa tu. Mwezi huu kuna mbolea, Oktoba kuna bonasi, mwezi mwingine kuna kitu kipya kilichobatizwa na mtu wa ofisi ambaye hutawahi kumwona. Ukiamua majina mapema, umeamua pia ni nini hakitaonekana.

Na dawa ni mstari mmoja:

for (const [ufunguo, thamani] of Object.entries(malipo)) console.log(ufunguo, thamani);

Object.entries iliingia rasmi kwenye lugha mwaka 2017. Haijali unajua nini; inakupa kila jozi ya objekti yenyewe. Kuna pia for...in, ya zamani zaidi na bado inafanya kazi, lakini chunga: hiyo huokota hata funguo za kurithi. Thamani ikiwa ni objekti nyingine, ingia ndani yake pia, usiishie mlangoni. Na ukikuta ufunguo usioujua, usiutupe kimyakimya. Uonyeshe, useme huujui. Skima ibaki, lakini kazi yake iwe kumtambua mgeni, si kumficha.

Kila mfano niliofundishwa kabla sijaacha chuo ulikuwa na jina, umri na mji. Malipo ya Kogo yalikuwa na funguo 11. Tunafundishwa kuuliza data maswali ambayo tayari tuna majibu yake, halafu tunakuja vijijini kuwaambia wazee wetu nani mwizi.

Tulipouliza ofisini, ded_07 ilikuwa deni la jirani aliyeacha kulipa mkopo. Kogo alikuwa mdhamini wake. Kuweka kidole alikumbuka. Kwamba wameshaanza kumkata, hakujua. Hilo ndilo jambo alilohitaji kuambiwa, na ndilo hasa skripti yangu ililificha.

Alirudi kituoni na kibuyu cha mursik kumwomba karani msamaha. Akanipeleka na mimi. Karani alikunywa, akapangusa mdomo, akaniuliza, "Kijana, sasa hiyo kitu yako inasoma yote?"

Nikamwambia sasa inasoma yote.